Giaboksi ya Nyigu

"Fanya kila kitu," baba aliniambia, "ila giaboksi usiiguse."

Sasa jamani, mtu ukiwa fundi, tena fundi uliyekulia uvunguni mwa magari, ukiambiwa maneno kama hayo utafanyaje? Mimi kuhusu hiyo giaboksi nilinyamaza. Kunyamaza si kawaida yangu. Wateja hawakuniita Pilipili kwa sababu ya umbo langu. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa umepita mwaka mzima na miezi miwili bila baba kuniambia sentensi ndefu namna ile.

Kiharusi kilimkuta amesimama kwenye benchi la kazi, spana mkononi. Kikamchukulia upande wote wa kushoto, mkono na mguu na nusu ya mdomo. Mdomo ulirudi, ingawa maneno yanatoka mojamoja kwa kuburutwa. Mkono na mguu havikurudi. Nyumba yetu iko nyuma ya gereji, na kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa nyuma wa gereji ni hatua ishirini, hata mtoto anayetambaa anafika. Baba hakuzivuka. Alikaa sebuleni kwenye kiti chake cha mbao, akakigeuza kitazame ukuta. Kila asubuhi mama alikigeuza kitazame dirisha, na kila ikifika saa nne kiti kimesharudi ukutani. Mpaka leo hatujui alikuwa anakigeuzaje kwa mkono mmoja.

Dada wa mazoezi pale kliniki alituambia wazi. "Mtafutieni kitu anachokitaka. Mazoezi ninayo, hamu sina."

Kitu chenyewe kilikuwepo. Kilikuwa kwenye kona ya gereji, chini ya turubai, na matairi yameshalala. Nyigu. Gari la michezo la viti viwili, la njano, limenizidi umri, refu mbele na fupi nyuma, na ukikaa ndani yake makalio yako yanakaribia lami. Baba alilipata kabla hajamwoa mama. Watu wa mtaa wetu walilijua kwa mlio kabla hawajaliona, na ndiyo maana wakaliita hivyo.

Nami nilikuwa na mpango wangu. Giaboksi ya otomatiki nilikwishaitoa kwenye gari dogo lililogongwa nyuma, ilikuwa rafuni inangoja. Ningemtia Nyigu hiyo, nimwekee usukani wa umeme na breki mpya, mguu wa kulia wa baba ufanye kazi yote. Angeendesha tena. Nilimwendea sebuleni nikamweleza huku nikimchorea kwenye karatasi. Aliitazama ile karatasi mpaka nikadhani amesinzia.

"Nyigu... wa otomatiki?" akasema. "Basi mfunge... na kengele. Auze aiskrimu."

"Sasa utamwendeshaje, baba? Kwa maombi?"

"Simwendeshi. Namuuza."

Mnunuzi alikuwepo miaka yote. Bwana mmoja mkusanyaji wa magari ya zamani, ambaye sharti lake ni moja: gari liwe vilevile lilivyotoka kiwandani. Akikuta nati moja ya kigeni, anaaga. Kila mwaka alikuwa anapiga simu kumuulizia Nyigu, na kila mwaka baba alikuwa anamkatalia kwa furaha. Safari hii baba mwenyewe ndiye aliyempigia. Angekuja baada ya wiki tatu. Nami kazi yangu ikawa kumrudisha Nyigu alivyozaliwa, kila kitu, ila giaboksi nisiiguse.

Kuhusu kuuza, niliwaka. Nilimwambia kwamba anauza mguu wake wa mwisho. Nilimwambia na mengine ambayo binti hamwambii baba yake. Mama alikuwa kwenye kochi anashona kifungo cha shati, hakuinua hata macho.

"Pigianeni kelele uani," alisema. "Mtaniangushia sindano."

Nikaanza kazi shingo upande. Lakini nilipolivuta lile turubai, hasira ilinitoka yote, nikabaki nimelishika kama mtu aliyefumaniwa. Nilikuwa nimesahau. Miaka tisa ya kupita hapo kila siku, tangu baba alipoacha kumtoa barabarani, na kukitazama kilima cha turubai, nilikuwa nimesahau kilichomo. Boneti yake haina hata sehemu moja iliyonyooka, inashuka na kupanda na kushuka tena, na mwanga wa dirishani ukawa unateleza juu yake pamoja na vumbi lake. Usukani ni wa mbao, umeng'aa upande wa kulia juu, pale baba alipozoea kuweka mkono. Kutu ilikuwa imekula vizingiti vya milango na rangi imevimba kwenye matao ya matairi, ngozi ya viti imepasuka. Nikaingia nikakaa. Ukikaa mle huoni mwisho wa gari, unaona vilima viwili vya matao ya mbele na katikati yake njia. Nikajiambia, wewe Pilipili, kuna watu walikaa mahali wakafikiri mpaka wakatoa kitu hiki, na wewe unataka kukifanya cha kwendea sokoni.

Lakini bado nilitaka aendeshe. Hilo sikulisahau hata dakika moja.

Siku ya pili ya kazi, nikiwa uvunguni, nikasikia fimbo. Tok, tok, tok. Nikageuza shingo nikaona viatu vya baba mlangoni. Alikuwa amezivuka hatua ishirini peke yake! Nilitoka mbio nusura nigonge kichwa kwenye jeki, nikamletea sanduku la vifaa akakalia. Nikawaza, hamu hiyo imerudi, kauona uzuri wa Nyigu. Mama alituchungulia kwa mlango wa jikoni akatabasamu, tabasamu ambalo sikulielewa wakati ule.

Kumbe hakuja kutazama, alikuja kulinda. Nikishika kutu, kimya. Nikifungua kabureta, kimya, tena ananielekeza kwa kidevu. Nikisogea na spana katikati ya gari, kikohozi.

"Hapo... hapana."

"Baba, inavuja. Tazama sakafu."

"Iache. Inapumua."

Inapumua! Tangu lini giaboksi ikapumua? Mafuta yalikuwa yananidondokea kwenye paji la uso, na mtu anayetaka kila nati iwe ya siku ya kwanza hanunui gari linalojikojolea. Nikadhani ni ile heshima yake ya kupita kiasi. Nyigu hakuwahi kuguswa na mkono wa mtu mwingine. Hata mimi nilikuwa naruhusiwa kuosha vioo tu. Na gereji nzima ilisimama juu ya mahubiri yake. "Cha asili ni cha asili," aliwaambia wateja. Niliwahi kumbadilishia mtu taa za nyuma nikaweka za kisasa, zenye mwanga mzuri tu, baba akaninunia wiki nzima.

Jumanne mama akampeleka kliniki. Walipopotea kwenye kona tu, nikatia jeki, nikafungua bolti, nikaishusha.

Nilianza kuifuta kwa dizeli. Tope la mafuta la miaka lilikuwa limeishika unene wa kidole, chini yake rangi ya kijivu iliyopakwa kwa brashi, chini ya rangi namba. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Nikasogeza taa. Hiyo namba naijua kama tarehe yangu ya kuzaliwa, nimefungua giaboksi za namna ile si chini ya arobaini. Ni za yale magari ya zamani ya kusambazia mikate. Na pale ilipokutana na injini palikuwa na bamba la chuma nene ambalo kiwanda chochote chenye akili kisingeliweka.

Damu ilinipanda. Nilijua kilichotokea: fundi fulani, zamani, wakati baba yuko safarini au mgonjwa, alimwibia giaboksi ya asili akamchomekea taka hii.

"Ni fundi gani mshenzi," nilipiga kelele nikiwa peke yangu gereji nzima, "aliyemtia Nyigu giaboksi ya gari la mikate!"

"Mimi."

Dada wa mazoezi hakuwa kazini siku ile, wamerudi mapema. Baba alikuwa mlangoni ameegemea fimbo, mama nyuma yake na mkoba. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilimtazama baba, nikaitazama giaboksi, nikamtazama tena.

"Wewe?"

"Mimi."

"Miaka yote hii umetuimbia cha asili, cha asili! Ukaninunia kwa taa za nyuma! Taa, baba!"

Alikuja polepole mpaka kwenye sanduku lake, akakaa. Hakukasirika. Ndicho kilichonitisha.

"Tazama... kwanza," akasema. "Kasirika... baadaye."

Basi nikatazama, kwa kiburi, kama mtu anayetazama deni la jirani. Nilianza na bamba. Kingo zake zilifuata umbo la injini upande mmoja na umbo la giaboksi upande wa pili, na maumbo hayo mawili hayana undugu wowote, lakini bamba lilikuwa limeyapatanisha bila kuonyesha lilikoanza kudanganya. Nikatoa kile kipimo chetu cha mapengo, vile visu vyembamba, nikachukua chembamba kuliko vyote, ambacho unene wake haufiki wa ukurasa wa kitabu. Nikakijaribu mahali bamba linapokutana na giaboksi. Kikagoma kuingia. Nikazunguka nacho kote, kikagoma kote. Nikahamia kwenye shafti. Meno yake yalikuwa ishirini na mawili, na yalikuwa yamechongwa upya yaingie kwenye klachi ya Nyigu. Nikayapima moja moja. Nilipofika la tisa nikaona mikwaruzo. Midogo sana, sambamba, yote imelala upande mmoja. Mashine haiachi mikwaruzo ya namna hiyo.

"Baba," nikasema, "hii uliikata na mashine gani?"

"Sikuwa... na mashine."

"Ulikuwa na nini?"

"Tupa."

Nikakaa chini. Sakafu ilikuwa na dizeli na sikujali. Tupa! Mimi nikichonga ufunguo wa kufuli kwa tupa naharibu mbili napata wa tatu. Mtu huyu alichukua kipande cha chuma kigumu, akakaa nacho, akakisugua kwa mkono mpaka kikawa sawasawa kwa kipimo ambacho macho hayaoni. Ishirini na mawili, na yote sawa. Yalikuwa yamebeba ile injini tangu miaka thelathini na minane iliyopita na hakuna hata moja lililolika. Nimeona injini za ndege wazi, nimeona magari yanayojiegesha yenyewe, na sijawahi kuona kitu kilichonitoa pumzi kama shafti ile ya gari la mikate.

"Tupa tatu," akaongeza. "Mbili... ziliisha."

"Miezi saba," mama akadakia. "Kila Jumapili. Na unadhani nani alikuwa anamshikia hilo bamba lisicheze? Wenzangu wakichumbiwa wanapelekwa matembezini. Mimi nilipewa chuma nishike."

"Kumbe mama ulijua!"

"Mwanangu, nilikuwa na sugu kabla ya pete."

Hapo ndipo walipotoa yote, baba kidogokidogo, mama akijaza mapengo. Mwenye Nyigu wa kwanza alikuwa kijana wa kitajiri aliyelivunja giaboksi gari lake kwa mbwembwe, akalitupa nyuma ya ghala. Baba alikuwa kibarua pale, wakamwambia liondoe, ni lako. Enzi zile vipuri vya gari kama lile havikupatikana, hata ungelia. Akatumia alichokipata. Siku aliyolitoa barabarani watu walijaa. Fundi mkubwa wa wakati ule akamshika bega mbele ya wote akasema, kijana huyu amelirudisha kama lilivyotoka kiwandani! Baba alikuwa na miaka ishirini na minne. Akatabasamu, akanyamaza. Kesho yake wakaanza kumletea magari.

"Kunyamaza siku ya kwanza... si uongo," alisema baba. "Siku ya pili... ni uongo."

"Mficha uchi hazai," mama akasema. "Nimemwambia tangu hujazaliwa."

"Kwa hiyo unamuuza kwa aibu tu?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshapungua.

Baba aliitazama sakafu. Maneno yalimchukua muda, na kwa mara ya kwanza sikumsaidia kuyamalizia.

"Nikifa... utafungua. Wewe... utafungua tu. Utasema, baba alikuwa... mwongo. Na mimi sipo... wa kujibu."

Nililia. Nasema kweli, nililia nikasingizia dizeli. Mzee mzima amekaa anautazama ukuta mwaka na zaidi, sisi tunadhani ni mguu, kumbe ni mimi. Alikuwa ananiogopa mimi, na spana yangu. Nikamwambia kwamba hakuna fundi ninayemjua, aliye hai au aliyekufa, ambaye angeweza kazi ile. Nikamwambia kama ningejua tangu mtoto ningekuwa nimeitangaza barabarani kwa kipaza sauti. Akasema ndiyo maana hakuniambia.

Siku ya mkusanyaji ikafika. Alikuja na glavu nyeupe mfukoni, mtu mpole, anamzunguka Nyigu kwa kunyata kana kwamba amelala. Nilikuwa nimeirudisha giaboksi mahali pake, safi, na sili mpya. Tulikuwa hatujapanga nani atasema nini. Akafika kwenye boneti, akasema, "Na mashine yote ni ya kiwandani, Mzee?"

Baba alimtazama Nyigu.

"Giaboksi," baba akasema, "ni ya gari... la mikate. Nilimtia... mimi."

Yule bwana akalala chini na suti yake. Nikammulikia. Alikaa chini kule muda mrefu, kisha mkono wenye glavu ukatoka ukaomba kipimo, nikampa. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika.

"Ni kazi ya ajabu," alisema. "Sijaona mfano wake. Lakini sikusanyi kazi za ajabu, nakusanya za kiwandani." Akafikiri. "Naweza kuagiza giaboksi yake halisi. Nalichukua gari hivyohivyo. Hii mtabaki nayo, muitundike ukutani."

Baba akanigeukia. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniuliza neno kuhusu Nyigu. "Pilipili," akasema, "unasemaje?"

"Ikitoka hiyo, Nyigu amekufa. Atabaki gari zuri tu."

"Umemsikia," baba akamwambia mgeni, "fundi wangu."

Mgeni aliondoka na glavu zake. Nikadhani sasa tutafurahi. Wapi! Jioni ileile baba akagonga sakafu kwa fimbo.

"Haya. Nimekubali. Tia... otomatiki yako."

"Nani? Mimi? Nitoe hii?"

"Ulitaka... niendeshe."

"Nilitaka kabla sijaona! Mtu aniletee nyundo nijivunje vidole kwanza."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki tatu zilizopita mimi nilitaka kutoa, yeye akakataa. Sasa yeye anatoa, mimi nakataa. Lakini kicheko kilipoisha tulibaki palepale. Nyigu alikuwa mzima, anang'aa, ana roho yake, na mtu pekee aliyestahili kumwendesha hakuwa na mguu wa klachi wala mkono wa gia. Baba alirudi kwenye kiti. Siku ya tatu nikakuta kiti kimegeukia ukuta.

Asubuhi hiyohiyo mwalimu wa shule ya udereva alileta gari lake, analalamika kwamba wanafunzi wanamlia klachi kama karanga. Nikaingia upande wake kuangalia. Unajua magari yale yana pedali hata upande wa mwalimu, ili mwanafunzi akichanganyikiwa mwalimu akanyage. Nilikaa pale nimeikanyaga ile pedali, nikatazama mkono wangu wa kulia uko wapi. Ulikuwa juu ya gia. Nikaruka nje nikamwacha mwalimu wa watu anauliza kama gari lina nyoka.

Nilikigeuza kile kiti kwa nguvu zangu zote, na baba juu yake.

"Wewe usukani, mafuta na breki," nikasema. "Mimi klachi na gia."

Alinitazama. "Watu wawili... gari moja?"

"Bamba mlilitengeneza watu wangapi?"

Kutoka jikoni mama akajibu, "Wawili!"

Tulifanya kazi siku kumi na moja. Chuma cha duara kilipita chini ya dashibodi kuunganisha pedali ya dereva na ya abiria, na kwenye usukani nikaweka kinundu kama kile cha magari ya kunyanyulia mizigo, aweze kuuzungusha kwa mkono mmoja. Kiungo kimoja kilitugomea. Nikachukua mashine ya kukatia, baba akanisukumia tupa kwa fimbo. Siku nne kwa kitu cha dakika kumi! Nilitukana chuma, nikatukana tupa, nikamtukana aliyevumbua magurudumu. Baba alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya kazi yangu, anatikisa kichwa, ananirudishia. Siku ya nne alipitisha kidole, hakunirudishia.

Karibu nasi kuna kiwanda kilichofungwa, kina uwanja wa lami mrefu, na mlinzi wake tunamtengenezea pikipiki. Akatufungulia geti Jumamosi mchana. Mama alikataa kupanda, hata hivyo viti ni viwili; akakaa kivulini na mwavuli wake. Nikamfunga baba mkanda. Mguu wake wa kushoto nikauweka kando mahali pake, vizuri, kama mtu anavyomlaza mtoto. Akapiga stata.

Sijui niseme nini kuhusu mlio ule. Ulianzia kwenye vidole vya miguu, na njiwa wote wa paa la kiwanda wakaruka kwa mpigo mmoja.

Kisha aibu ikaanza. Nyigu akazima. Akazima tena. Akaruka kama chura, akazima.

"Klachi!"

"Nimeikanyaga!"

"Umeibembeleza!"

Tukaondoka, mara ya sita. Na hapo tukagundua jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Baba akitaka gia anaita. Lakini ulimi wake ni mzito, na Nyigu hangoji. Akianza kusema "ta..." injini imeshapiga mayowe, na "tu" inapofika tumeshachelewa, meno yanasaga, gari linaruka. Tatu ikawa haipatikani. Mara nne, mara tano. Nikaona jasho likimtiririka, nikaona ule uso wa ukutani unaanza kurudi.

"Usingoje... niseme," akasema. "Sikiliza. Si unasikia... injini."

Ndipo nilipokiri. Baba yangu alikuwa anajua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu, na tangu nina miaka kumi alikuwa ananisimamisha mbele ya boneti, anauliza, unasikia? Nami najibu, nasikia.

"Baba, sijawahi kusikia. Hata siku moja. Nilikuwa nasema tu. Mpaka leo natumia ile kompyuta ndogo ya kupimia magari, naificha kwenye droo."

Gari lilikuwa limesimama, linanguruma. Baba alinigeukia, na ile nusu ya mdomo iliyo hai ikaanza kupanda, ikapanda mpaka akacheka kwa sauti, kicheko ambacho hatukukisikia tangu siku ya kiharusi. Kule kivulini mama alisimama.

"Mtoto wa nyoka... ni nyoka," akasema. Akafuta macho kwa bega. "Husikii kwa... sikio. Kwa makalio."

"Kwa makalio?"

"Kaa vizuri. Nyamaza. Atakuomba."

Tukaondoka. Moja. Mbili, hiyo naijua. Baba akakandamiza mafuta na lami ikaanza kukimbia chini yetu, karibu sana, na mimi nimenyamaza, nimekaa. Mtetemeko ulikuwa kwenye kiti, mkali, unapanda mgongoni, halafu ukabadilika. Ulilainika. Kwa muda mfupi sana Nyigu alijinyoosha chini yangu kana kwamba amefika mwisho wa jambo fulani na anataka lingine, nikajua, sikuambiwa, nikajua, na mguu wangu uliposhuka nikahisi mguu wa baba ukiinuka kwenye mafuta sekunde ileile. Gia ikaingia bila kelele. Tatu.

Ukuta wa kiwanda ulikuwa unapita upande wangu umekuwa mstari mmoja. Mkono wa baba ulikuwa umetulia kwenye usukani, macho yake yako mbele mbali, hanitazami, haiti, haniulizi. Mtetemeko ukaanza kupanda tena mgongoni. Nikausubiri.

Nikakanyaga.